Usimfungulie Mama

Kaka Mochama,

Natumaini umeamka salama huko kwenye maji moto. Sisi huku Kimulot tuko, ila mvua ya mawe ilipiga majani chai juzi na sasa hakuna cha kuchuma. Ndiyo maana akina mama wa kanisa wamepata nafasi ya kutembea. Simu yako haipatikani, kwa hivyo nimempa Joab, dereva wao, barua hii akupe kabla hajafungua mlango wa basi.

Mama yumo ndani. Amebeba mayai mabichi wayachemshe kwenye chemchemi, kama mwaka jana. Nimemweleza yote uliyoniambia: kwamba pale pale wageni wanapochemshia, ardhi ililipuka ghafla, ikarusha matope na mawe kupita miti, na kabla ya hapo hakukuwa na dalili yoyote. Nimemwambia mmefunga njia kwa kamba. Alicheka. Akawaambia wenzake, "Mwanangu ndiye analinda hiyo kamba. Atatufungulia."

Kaka, mkatalie. Mkatalie mbele ya wote, hata akilia, hata akikukumbusha nani alikuzaa. Mimi tangu unieleze silali vizuri, na sufuria ikitokota jikoni nashtuka natoka nje.

Najua hujawahi kumwambia Mama hapana. Yeye pia anajua. Yai kubwa kuliko yote ameliandika jina lako.

Dada yako,
Gesare