Baba Mkwe Kajaribu Choo

Marcy upo? Shoga, nimejifungia kwenye gari letu, nje ya duka la magari.

Si unajua leo tulienda kuchagua lile gari la safari lenye vitanda na jiko ndani, la kututosha mimi na mume wangu, watoto sita na baba mkwe. Muuzaji akasema jifanyeni mko njiani, kila mtu ajaribu mahali pake. Watoto wakapanda vitanda vya dabo deka. Mzee akachukua chumba cha nyuma, eti mgongo unamuuma. Mimi na Garrett tukakaa mezani tukijifanya tunakula.

Kisha mzee akaenda kujaribu choo.

Marcy. AKAKIJARIBU.

Choo cha maonyesho, hakina hata tone la maji. Watu wote hukalia kifuniko, wanapima kama magoti yanaenea, wanatoka. Yeye katoka anafunga mkanda, anauliza, "Mbona maji hayaji?"

Na mlango wa choo unatazamana na meza. Harufu ilitukuta palepale tulipokaa. Tessa wetu mdogo akatapika. Muuzaji akafungua madirisha.

Nikamgeukia Garrett, nikijua atakufa kwa aibu. Unajua kamuuliza nini babake? "Magoti yalienea?"

Magoti, Marcy. Magoti.

"Yameenea vizuri," mzee kasema. "Tuchukue hilihili."

Sasa hivi wako ofisini wanatia saini. Na ile meza, usiku inakunjwa inakuwa kitanda.

Chetu mimi na Garrett.