Kioo Kinachojigusa

Jumatatu, 3 Machi

Baba amenipigia simu leo. Saa tano asubuhi, dukani, wateja wawili wamesimama mbele yangu.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Simu yangu iliita, nikatupa jicho, jina likasoma: Baba. Tumemzika wiki ya tano sasa. Bisibisi ilinitoka mkononi. Nywele zilinisimama, kweli kabisa, nilizisikia zikisimama.

Kisha nikasikia droo inatetemeka — nikakumbuka. Jana Mama alinikabidhi simu ya Baba niibadilishe kioo, anataka aitumie yeye, ina picha za wajukuu. Asubuhi niliichaji, nikaitia kwenye droo. Ina ufa pembeni, juu kulia. Na kioo chenye ufa hujigusa chenyewe. Kinafungua, kinafunga, kinapiga simu. Miaka tisa ya ufundi, nimewaeleza wateja mia! Hakuna shetani hapa, mama, ni ufa tu. Huwa nawacheka hata.

Leo sikucheka. Nilikata, ikaita tena. Mzee wa Redio, ninayeshirikiana naye meza (yeye anatengeneza redio, pasi, kila kitu ambacho bado kina kitu cha kuzungushwa), akasema pokea basi, pengine mzee mwenzangu ana shida. Utani wake wa kawaida. Aliponitazama usoni akaniomba radhi, akaenda kuninunulia maji.

Jumanne, 4 Machi

Nimeizima. Iko droo ya chini, chini ya makava.

Kazi nne leo, zote vioo. Kila simu ninayoishika naanza kwa kuipangusa, mkono wa kushoto unakwenda kwenye kitambaa kabla sijafikiri. Ya Baba sijaipangusa. Ina alama zake, madole yake makubwa, yamekandamizwa kama muhuri.

Alikuwa seremala miaka arobaini. Vidole vilimkauka vikawa vigumu, kioo hakikuvisikia. Alikuwa analamba kidole kwanza, kisha anabonyeza kama anapigilia msumari. Baba, gusa tu, taratibu! Na yeye: kitu hiki kinataka kubembelezwa, na mimi maishani nimembembeleza mama yako peke yake.

Mimi ndiye niliyempa. Desemba. Alikuwa na kale kasimu kake ka vitufe, ukishikilia tatu kananiita mimi, ukishikilia mbili kanamwita Mama. Hakuhitaji macho. Nikasema ni aibu, baba wa fundi wa simu anatembea na kitu kile. Nikampa ya kugusa, na ile ya vitufe nikaifungua vipande wiki hiyohiyo. Spika yake niliiweka kwenye simu ya mteja. Inaongea mahali fulani sasa hivi, ndani ya mfuko wa mtu nisiyemjua.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimpeleka Mama hospitali, presha. Mlangoni wameondoa yule karani wa kutoa namba, wameweka kioo kimesimama kama mtu. Mama akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu. Kikaandika lugha nyingine! Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Nikamgusia mimi. Lifti nayo siku hizi haina vitufe, ni kioo cheusi na namba zinazowaka. Mama akauliza kwa sauti, watu wote wakamsikia, sasa kipofu afanyeje? Aanguke tu? Kijana mmoja alicheka.

Wakati wa kusubiri, Mama alimsimulia mgonjwa wa pembeni habari za Baba. Anasimulia kila mahali, maneno yaleyale. Alianguka, mshipa wa kichwa, daktari alisema alikwenda palepale, hakujua hata maumivu. Hakuteseka mume wangu, anasema, na hapo anashusha pumzi. Maneno hayo ndiyo yanayomlaza usiku. Bila hayo sijui angekuwa wapi.

Akanigeukia: simu ile vipi? Nikasema kioo cha aina ile hakijafika mjini.

Uongo. Ninavyo vitatu kabatini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeiwasha. Ikanipigia ndani ya dakika mbili.

Safari hii nilipokea. Sikio moja simu yangu, mbele yangu simu yake. Nilisikia duka langu mwenyewe, feni, Mzee wa Redio anakohoa. Na mwishoni, tik, tik — sijui kama ni ufa au ni kitu kichwani mwangu. Nilikaa hivyo mpaka salio lake likaisha.

Mzee wa Redio alizima redio aliyokuwa anaijaribu.

Jumapili, 9 Machi

Lazima niandike. Kama siandiki hapa nitaisema barabarani.

Alhamisi, 30 Januari. Mama alikuwa kwa dada yake. Baba alikuwa peke yake nyumbani. Mama alirudi saa sita na nusu, akamkuta sakafuni, simu iko kifuani. Hayo kila mtu anayajua.

Kuna lisilojulikana. Siku ile, saa nne na dakika arobaini, simu yangu iliita. Baba. Nilikuwa nimeshika kioo cha mteja, gundi inataka kukauka. Nikapokea kwa bega. Hakuna sauti. Kukwaruza tu, na pumzi, na kitu kama ukucha unagonga. Tik, tik. Sasa, simu yake ilikuwa inajipiga kila siku! Shavu likigusa, inapiga. Akiiweka mfukoni, inapiga. Mara ngapi nimewahi kusikiliza hatua zake na randa yake kwa dakika nzima? Nikasema: Baba, simu yako imejipiga tena, iweke mezani. Nikakata.

Sekunde kumi na tisa. Naijua namba hiyo kwa sababu naifungua kila siku kwenye simu yangu na kuitazama.

Basi leo nimefungua ya kwake. Nilisubiri ufa utulie, nikashuka mpaka Januari. Saa nne na dakika tisa, kampigia muuza mbao, ambaye alishahama mji, haikupokelewa. Saa nne na kumi na tano, huduma kwa wateja wa mtandao, dakika sita. Dakika sita! Yule mwanamke wa mashine, bonyeza moja, bonyeza mbili. Saa nne na ishirini na tisa, muuza mbao tena. Saa nne na arobaini, Fundi Wangu.

Ndivyo alivyoniandika. Fundi Wangu. Sikuwa najua.

Baada yangu hakumpigia mtu mwingine yeyote.

Kuna picha. Nadhani alikuwa anatafuta pa kupigia simu, kidole kikaangukia kamera. Picha ishirini na saba, dari, dari, mguu wa kiti alichokichonga mwenyewe, weusi wa kiganja. Ya mwisho ni saa tano na dakika thelathini na sita.

Palepale, alisema daktari.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala kwa saa moja au mbili tu. Nimeamka na wazo moja: pengine ni ufa. Simu ilianguka naye, kioo kikapasuka, ufa ukaanza kupiga ovyo. Muuza mbao, mtandao, mimi — kila kitu ni ufa! Baba alikuwa ameshakwenda zake. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilikwenda kazini nikiimba.

Kuna jaribio tunalifanya mafundi. Unafungua ukurasa mweupe wa kuchora, unaiweka simu mezani, unaondoa mikono. Kinachojigusa kinajichora chenyewe. Unaona ugonjwa uko wapi.

Nikaiweka. Mzee wa Redio akasogeza kiti, tukatazama wote wawili kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Mstari ukatokea. Mwingine. Mifupi, inatetemeka, yote kwenye ukanda mmoja, juu kulia, upana wa kidole. Nusu saa nzima. Chini yake peupe kabisa.

Hapo juu ndipo linapokaa jina la mwisho kupigiwa. Ndiyo maana inaniita mimi, kila mara mimi. Lakini siku ile sikuwa juu. Nilikuwa chini, kwenye orodha ya majina, unashuka, unashuka, unapita majina kumi na manane (nimehesabu) ndipo unafika Fundi Wangu. Ufa haushuki orodha. Anayeshuka orodha ni mtu.

Nikamwambia Mzee wa Redio yote. Sekunde kumi na tisa, yote. Akasema zamani simu ikilia ulijua mtu ameinyanyua, amekaa, amezungusha namba, ana neno. Siku hizi inapiga yenyewe kutoka matakoni, nani atajua? Si kosa lako, mwanangu.

Alitaka kunifariji. Lakini mimi ndiye niliyemtoa Baba kwenye vitufe vyake.

Jumatano, 12 Machi

Nimebadilisha kioo.

Sikupangusa cha zamani. Nimekifunga kwenye karatasi, kiko kabati la nguo. Kipya ni safi, kinaitika ukikaribia tu. Simu imekaa kimya mchana kutwa. Nilidhani nitapumua.

Badala yake nasikiliza. Kila mteja anayesema imejipiga tu, samahani, natamani nimshike shati. Leo dada mmoja alipigiwa na mamake, akacheka, imejipiga hiyo, akakata. Nikamwambia mpigie. Akanishangaa. Mpigie! Nilipaza sauti. Alipiga, mamake alikuwa sokoni, mzima wa afya. Hakurudi kuchukua kava lake.

Mama amenitumia ujumbe wa sauti: kesho kutwa? Nimesema Jumamosi.

Picha ishirini na saba nimezihamishia kwangu, nikazifuta kwake. Orodha ya simu bado. Nitaifuta nikitulia.

Ijumaa, 14 Machi

Sijaifuta. Ni rahisi mno, ndiyo shida. Unaweka kidole juu ya mstari, unakiacha hapo, neno Futa linatokea, unagusa. Hakuna kinachobonyea. Hakuna hata mlio.

Jumamosi, 15 Machi

Niko nyumbani kwa Mama, chumba changu cha zamani. Nimesema nakuja kuchukua chaja.

Nilifika saa tisa. Nilimkuta na jirani wa ukuta wa pili, mama mnene anayekausha nguo kwenye ua wetu. Walikuwa wamenyamaza. Watu wawili wanaopenda kuongea kuliko kula, wamenyamaza! Nikatoa simu, nikaanza kumwonyesha Mama kioo kipya, unagusa hivi, unasukuma hivi. Akaitazama bila kuigusa.

Jirani akaaga upesi. Mama akasubiri mlango ufungwe. Kisha akanieleza, sauti ya chini, bila machozi. Jirani alikuwa anakumbuka tu, mazungumzo ya kawaida. Siku ile, anasema, alikuwa anaanika, saa nne na kitu, akasikia dirishani kwetu mwanamke anaongea. Bonyeza moja. Bonyeza mbili. Samahani, hatujapata jibu lako. Muda mrefu. Akadhani ni redio, akawaza, mzee leo kafungulia redio kali.

Mama akasema: sisi hatuna redio. Yetu iko kwa yule rafiki yako wa redio tangu mwaka jana.

Kisha: kwa hiyo alikuwa hai.

Nikasema labda simu ilikuwa inajigusa, Mama, kioo kilikuwa na ufa. Nilisema kwa ile sauti yangu ya dukani. Alinitazama. Akavaa miwani. Akasogeza viti viwili karibu na dirisha, kwenye mwanga. Akasema, mimi macho yangu hayaoni maandishi ya humo, wewe utanisomea. Simu zote za siku ile. Moja moja, na saa zake. Usiruke.

Nikasema chaji inaisha, nakuja.

Chaji ni asilimia themanini.

Nimeifungua hapa kitandani. Mistari minne. Nikifuta wa mwisho, inabaki muuza mbao na mtandao na muuza mbao. Mzee alijaribu, Mama, hakupata mtu. Hiyo ingekuwa huzuni tu. Kidole kiko juu ya mstari. Neno limeshatokea.

Mama anaita. Chaja gani hiyo inayotafutwa robo saa?

Nimejibu nakuja.

Nasikia kiti chake kinasogea. Sasa ameita tena, taratibu, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo nimevunja kitu: "Njoo tu, mwanangu. Na simu yako pia uje nayo."