Picha ya Kichwa kwa Ugonjwa wa Kibofu

Jumatano, Nguvumali

Tarawehe ya msikitini niliipoteza Ramadhani ya mwaka juzi, kibofu kilipoanza kuniunguza. Leo nimekwenda chooni mara kumi na tisa.

Niliporudi kutoka kupigwa picha ya ubongo, wifi Mwanaidi alinicheka. "Kibofu kiko chini, wao wapiga picha juu! Wamekuchoka, wifi."

Sikucheka. Mkojo umepimwa mara sita, na mara sita wameniambia ni safi. Sasa daktari anasema huenda ubongo wangu umeyakariri maumivu.

Mimi juzuu ya Amma ya Kurani niliikariri chuoni nina miaka saba. Mpaka leo sijasahau hata aya moja. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatatu, daktari akinipa majibu ya picha kabla ya saa nne asubuhi, anijibu bila kuzunguka: maumivu yaliyokaririwa husahaulika? Ndiyo au hapana. "Labda" siitaki.