Masanja Amepandikiza Karoti

Jumatano, baada ya chakula

Sota, wale viwavi wa udongoni, wamekata miche mingine sita ya karoti! Jivu nililonyunyiza halikuwatisha. Na Jumapili mama mkwe anakuja kutoka Goweko, nami nilishajitapa kwake kwamba bustani imestawi. Naogopa ataniona mke wa maneno tu.

Masanja wangu, mtoto wa wakulima wa tumbaku, akasema, "Mke wangu, usilie. Tunapandikiza." Akang'oa miche kwenye tuta lililosongamana, akaihamishia penye mapengo, polepole, kama ananivisha pete. Karoti ikihamishwa mzizi hupinda, najua. Lakini alivyopendeza! Nikamletea maji ya kumwagilia.

Kisha akampigia mama yake simu kujisifu. Kicheko kikasikika hadi kwangu.

"Umepandikiza karoti? Unadhani ni tumbaku? Hebu mpe mke wako simu."

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Asubuhi fukua penye kila mche uliokatwa. Sota hajifichi mbali. Watakaobaki tutawafukua wote Jumapili, mimi na wewe. Huyo mumeo atupikie."

Masanja amenuna kidogo, mpenzi wangu. Mimi natabasamu peke yangu. Kumbe nilikuwa namwogopa mtu wa upande wangu.