Vipande vya Saa ya Mama

Mdogo wangu Fortunata,

Mambo? Huku Kariakoo bado tunapambana. Mvua imetuachia matope hadi mlangoni mwa duka, na wifi yako Jacqueline anakusalimia sana.

Saa ya mama niliinunua mwezi uliopita. Ni ya Uswisi, ya betri, asihangaike kuitia ufunguo. Ulinikomalia iwe na vito. Haya, kipo kimoja penye saa sita. Nilitaka ile ya bangili nzima, lakini Zamda, dada anayeuza saa, akaniomba kipimo cha mkono. Nikampa uzi niliompimia mama akiwa amelala mchana.

Akauliza, "Kaka, ni ya mtoto?"

Nikamwambia ni ya mama yetu. Akairudisha bangili kabatini, akachukua yenye mkanda wa vipande. Akatoa vitano, akavifunga kwenye karatasi.

"Vitunze. Mama akinenepa, njoo nivirudishie."

Mama aliifurahia mno. Anasema ataivaa Krismasi tukienda nyumbani Rombo. Alinikataza kukuambia kwamba anaumwa, eti utaacha masomo, nami nikamtii. Hilo ni kosa langu, nisamehe.

Leo asubuhi alipoinua mkono kunywa uji, saa iliteleza hadi kwenye kiwiko. Nikairudisha kwa Zamda. Ametoa vipande vingine viwili, na safari hii hakuniambia nivitunze.

Usisubiri Krismasi, mdogo wangu.

Kaka yako,
Jovin