Mshale wa Mtori

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na ng'ombe ameshazaa? Mimi huku Uholanzi ni mzima wa mwili, ila moyo unanidunda. Simu yako haipatikani tangu jana, na mtandao wa huko Masama mnaujua wenyewe. Ndiyo maana namtumia wifi ujumbe huu akusomee neno kwa neno.

Mama, ule mtori wa ndizi niliokukataza kumpa baba, mrudishie. Leo hii!

Unaujua utafiti wangu wa wagonjwa wa koo wa huko nyumbani, kama baba. Kuna programu ya kompyuta tunayochorea mishale: kipi kinaleta kipi. Ukishachora, inakuambia uzingatie nini kwenye hesabu. Mimi nikaona wagonjwa wengi wanakula mtori kila siku, wazima wachache tu. Nikachora mshale kutoka kwenye mtori kwenda kwenye ugonjwa. Programu ikakubali, haikuguna hata kidogo. Nami kwa kiherehere changu nikakupigia: "Mama, mtori unamuua baba!"

Jana mwalimu wangu, mama wa Kiholanzi asiyejua hata ndizi mbichi inamenywaje, akaniuliza, "Huu mtori kwenu huliwa na nani?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Mzazi aliyetoka kujifungua, na mgonjwa aliyeshindwa kumeza vingine."

Akaweka kidole juu ya mshale wangu. Yesu wangu! Mimi, mtoto wa Masama niliyekuzwa kwa mtori, ndiye niliyegeuza mshale! Si mtori ulioleta ugonjwa. Ugonjwa ndio ulioleta mtori. Programu ingejuaje? Haijawahi kuuguza mtu. Inaamini unachoichorea.

Nilijifungia chooni nikalia. Kaka aliniambia baba ametoboa tundu jingine kwenye mkanda, na wali wa kupondwa niliosema apewe badala ya mtori anautema. Nami nikamsifu eti anafuata masharti! Nisamehe, mama. Sijui nitamtazamaje usoni.

Msalimie bibi, shangazi wa Kiboriloni, na mchungaji anayetuombea. Baba mpe shikamoo yangu, kisha umwambie ukweli: aliyemnyima chakula ni mimi.

Miaka yote nalalamika kwamba hunisikilizi. Safari hii namwomba Mungu uwe umenipuuza.

Mwanao mkosaji,
Aneth