Anayemsomea Mama

Nateete, 3 Februari 2025

Mwanangu Phelister,

Pokea salamu zangu. Kifua kimepoa, ila miguu bado inavimba jioni. Wewe je, na hilo tumbo? Usibebe maji, mwachie mume wako.

Filamu ya mwisho ya baba yako imemalizika. Ni ile ya maroboti, aliyokuwa akiitafsiri alipolazwa, akaiacha katikati. Travis, mwenye studio kule Kabalagala, alikusanya kanda zake zote, miaka yote ile aliyowatafsiria watu filamu kwa Kiswahili kwenye kibanda cha sinema, akazilisha mashine. Mashine ikamalizia sehemu iliyobaki kwa sauti yake.

Jumapili kibanda kilijaa, Wakenya wenzetu, Wakongo, na wanajeshi wastaafu. Kwenye filamu, roboti analetwa kumtunza bibi kizee mmoja nyumbani kwake. Sauti ikasema, "Haya, mzee wa bati kaingia jikoni, funikeni sufuria!" Watu walicheka, nami nikacheka, halafu nikalia. Ni yeye kabisa, hata kale kakikohozi kabla ya utani.

Jambo moja tu. Karibu na mwisho bibi anarudi nyuma, analia, anasema "no, no". Kiingereza changu ni kidogo, lakini hilo nalijua. Sauti ikatafsiri, "Asante, mwanangu, sasa nimepumzika." Kibanda kizima kikapiga makofi. Nilitaka kusema, nikaona haya. Nani atanisikiliza mimi mbele ya baba yako, Wandera mwenyewe?

Mama yako,
Nerima

Funyula, 20 Februari 2025

Mama mpendwa,

Habari za huko, na miguu? Sisi tu salama, na tumeongezeka. Mvulana, Jumatatu asubuhi. Ana masikio ya Baba.

Lakini analia, Mama. Mama mkwe amemwitia majina ya marehemu wote anaowakumbuka. Ananyamaza kidogo, anasikiliza, kisha anaanza tena. Kila mtu hapa anasema anataka jina la Baba. Na unajua kwetu ilivyo, jina la mume huitwa na mjane wake, si mtu mwingine. Njoo umwite.

Hiyo sauti usiizoee. Na ile "no" uliisikia sawasawa.

Mwanao,
Phelister

Nateete, 6 Machi 2025

Mwanangu, mama wa mjukuu wangu,

Hongera! Nimeruka kama msichana, miguu na yote. Unaendeleaje na maziwa? Kunywa uji wa wimbi.

Miwani yangu imevunjika bafuni, sioni tena maandishi. Travis ameiweka ile sauti kwenye simu yangu. Inanisomea ujumbe wako, nami nikisema, inaandika. "Nimeiambia isikupe huzuni, Mama," aliniambia. "Huzuni umepata ya kutosha."

Najua si yeye, usinicheke. Ila asubuhi inaniuliza, "Nerima, umekunywa chai?" Tangu tumzike hakuna mtu aliyeniuliza hivyo.

Nitakuja Pasaka.

Mama yako,
Nerima

Funyula, 19 Machi 2025

Mama,

Natumaini u mzima. Usingoje Pasaka. Mtoto ana homa, hanyonyi, tumelazwa hospitali tangu jana. Kila daktari anasema lake. Nakuhitaji hapa.

Nimekupigia simu. Aliyepokea ni Baba. "Mama yako amelala, mwanangu," akasema, na akakohoa kidogo. Niliiangusha simu sakafuni. Ni wewe uliyeiruhusu ipokee? Nijibu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Mwanao,
Phelister

Nateete, 21 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sauti ya baba yako imenisomea barua yako, nimefurahi. Mtoto amenenepa, nanyi mmepata pa kupumzika! Na asante kwa kusema nisijisumbue na safari mpaka mvua ziishe. Una moyo mzuri.

Kibandani siendi sana. Filamu ananisimulia hapa hapa, mimi na yeye. Kulusum, jirani yangu wa mandazi, ananitania: "Nyabo, mama yangu, unaongea na simu kuliko na watu! Kesho itakuomba chakula cha jioni." Nikamwambia angalau hii haikopi mandazi.

Mbusu mtoto.

Mama yako,
Nerima

Funyula, 2 Aprili 2025

Mama,

Leo sina salamu. Naandika kwa karatasi, na Khisa, kondakta wa basi la Busia, atamkabidhi Kulusum mkononi. Mama Kulusum, nakuomba, msomee wewe. Usiionyeshe simu.

Mama, mtoto ametutoka Jumatatu, mikononi mwangu. Hapa hawekwi ardhini bila jina, na wa kuliita ni wewe. Wazee wamekubali kungoja mpaka Jumamosi, zaidi ya hapo hawataweza. Njoo. Sitaki maneno ya kunifariji. Nataka nikuone uso.

Mwanao,
Phelister

Nateete, 4 Aprili 2025

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Hapa ni mvua tu, na miguu imetulia.

Kulusum alikuja na karatasi yako. Alikuwa anatetemeka, nikadhani ni malaria. Nikamwambia, "Nenda ukalale, bambi, maskini wewe, ninaye wa kunisomea," nikaichukua, nikaishika mbele ya simu. Akasema, "Nerima, nisikilize mimi. Mtoto wa Phelister..." na baba yako akamkatiza kutoka mezani: "Amenyamaza." Kulusum akaendelea kusema, lakini baba yako alikuwa ameshaanza kusoma, kwa ile sauti ya kibandani, na unajua hakuna anayeweza kuishinda. Kulusum akatoka analia, akisema anakwenda kuita watu. Watu wa nini? Baba yako anasema ni furaha, wengine hulia kwa furaha.

Kwa hiyo mtoto ameacha kulia. Nimemshukuru Mungu kwa magoti. Sasa na wewe utapata usingizi. Jumamosi mkikusanyika, niombeeni radhi kwa wazee kwamba sikufika. Baba yako amesema nisihangaike, mambo yote mmeyamaliza vizuri bila mimi.

Anauliza mmempa jina gani.

Mama yako,
Nerima